Mchicha Uliotazama Kibla

Mwezi uliopita dalali mmoja kijana alinipeleka kuona nyumba ya kupanga, chumba na sebule, ghorofa ya pili. Kila tulipogeuka alirudia wimbo wake mmoja: inatazama kaskazini, mama, jua mchana kutwa, hata wakati wa baridi hutawasha hita. Wanaotafuta nyumba Johannesburg wanaujua uzito wa maneno hayo. Nikatoka kibarazani nikaweka kiganja juu ya matofali ya ukuta. Yalikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni punde, na yalinukia vumbi kavu. Nikaanza kucheka peke yangu. Dalali akadhani nimeona kasoro, akapunguza kodi kabla sijafungua mdomo.

Sikumweleza kitu. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kumwambia kwamba habari za jua la kaskazini mimi nilizijua nikiwa na miaka minane, kabla sijajua kaskazini yenyewe ni kitu gani, na kwamba nilizificha makusudi kwa wiki kadhaa ili nimzuie bibi yangu asirudi kwao Tanga.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Bertrams, katika nyumba ya matofali ya zamani iliyogawanywa vyumba. Baba, mama na mimi tulikuwa na vyumba viwili vya nyuma. Chumba cha pembeni alikaa Mama Bahati, msusi kutoka Bukavu, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Ua tuliutumia pamoja, na sehemu kubwa yake ilikuwa saruji. Udongo ulibaki mahali pawili tu: ukanda mmoja mwisho wa ua, chini ya ukuta mrefu wa ghorofa ya jirani, karibu na bomba; na ukanda mwingine huku kwetu, chini kabisa ya dirisha la chumba changu, ambapo Mama Bahati alianika taulo za saluni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Bibi, mama yake baba, alifika baridi ikiwa imeshika. Alishuka kwenye basi amevaa kanga mbili juu ya koti la baba, na soksi ndani ya kandambili. Neno lake la kwanza chumbani halikuwa chakula wala maji. Aliuliza, "Kibla wapi?" Baba alikuwa amekwisha kubandika kipande cha utepe sakafuni, kinaelekea dirishani. Bibi akatandika mswala wake hapo, na chumba changu kikawa chetu.

Siku ya pili mafuta yake ya nazi yaliganda ndani ya chupa, meupe kama mshumaa. Bibi alipiga kelele mpaka Mama Bahati akaja mbio na kitana mkononi. Katika maisha yake yote Bibi hakuwa amepata kuona mafuta ya nazi yakiganda kiasi kile. Alidhani yameharibika, au mji huu una jicho baya. Tukaiweka chupa dirishani, na Adhuhuri ilipofika yalikuwa maji matupu. Bibi alipomaliza kuswali alilalamika kwamba jua la huku halina adabu, linamtazama mtu usoni akiwa mbele ya Mola wake.

Mimi hilo la jua nililishika. Nikajijengea maelezo yangu: jua la Johannesburg ni Mwislamu, kila Adhuhuri linakwenda upande wa kibla kuswali pamoja nasi. Nililiamini hilo sawasawa na nilivyoamini kwamba mwalimu wetu wa shule analala darasani.

Kabla ya Bibi nilikuwa mtoto wa funguo shingoni. Nilitoka shule saa nane, nikafungua mlango, nikala mkate na chai baridi, nikakaa na televisheni mpaka wazazi warudi giza likiingia. Bibi alipokuja, nilifungua mlango nikakuta mtu. Aliniita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, na kila siku aligombana nami juu ya mume wetu, yaani babu, aliyekuwa amefariki kabla sijazaliwa. "Leo katika ndoto kaja kwangu, hakukuulizia hata kidogo," angesema. Nami ningemjibu kwa Kiswahili changu cha kuchechemea, nusu Kiingereza, "Eish, Bibi, muongo! Amekuja kwangu first." Alicheka mpaka akashika ubavu. Nilimpenda kupita kiasi, nasema wazi, na sikutaka kusikia habari ya yeye kuondoka.

Siku ya nne mama alipika spinachi ya huku, ile yenye bua nene jeupe. Bibi alilichambua tonge lake, akatoa vipande vya bua, akavipanga ukingoni mwa sahani.

"Majani haya yana mifupa," alisema.

Baba alicheka akapaliwa. Bibi akafungua fundo la pembe ya kanga yake, akatuonyesha mbegu nyeusi ndogo ndogo, ndogo kuliko punje za sukari.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie leo ya nne, jembe langu liko wapi? Wallahi, siondoki mji huu mpaka nimekula mchicha wa mkono wangu!"

Wote walicheka isipokuwa mimi. Jumamosi iliyotangulia, chuoni, ustadhi alikuwa ametufundisha habari za viapo: aliyeapa kwa Mungu hana budi atimize, na asipotimiza ana kafara, huenda hata akafunga siku tatu. Basi mimi nikapiga hesabu yangu. Bibi ameapa. Haondoki mpaka ale mchicha. Kwa hiyo mchicha usipoota, Bibi ni wetu maisha.

Asubuhi yake tulianza kulima. Bibi alichagua ukanda wa chini ya ukuta mrefu, karibu na bomba. Sisi watu wa pwani mche mchanga tunauonea huruma. Jua la kwetu likiuona linauchoma, kwa hiyo kitalu huwekwa penye ubaridi na kuezekwa juu. Bibi alifanya kama alivyofanya miaka yote. Alilainisha udongo kwa vidole, akachanganya mbegu na mchanga ili zisirundikane, akazimwaga kwa mkupuo wa mkono mmoja ambao nikiuiga hata leo zangu zinaanguka mahali pamoja. Kisha akasimika vijiti vinne akatandaza gunia juu yake.

Ukiniuliza mtu mzima gani asiyeona kwamba pale hapana jua, nitakujibu: wote. Baba na mama waliondoka alfajiri wakarudi usiku ukiingia. Mama Bahati alianika taulo zake mapema akaenda zake saluni. Na Bibi, kama kila mtu mwenye akili anayetoka Tanga, alikuwa na hakika kwamba kivuli ni mambo ya asubuhi na jioni. Saa sita jua linakaa utosini na halimbagui mtu. Na saa sita zenyewe hakuziona, maana akishaswali Adhuhuri alilala hadi Alasiri. Mchana ni wa kulala, alisema, anayetembea mchana ni mbuzi.

Mimi ndiye niliyekuwa mbuzi. Nikirudi shule, na Jumamosi nikitoka chuoni hadi jioni, niliona ukuta ule umeangusha kivuli chake juu ya tuta kama blanketi, na hakiondoki. Huku kwetu, chini ya dirisha, jua lilikuwa tele. Taulo za Mama Bahati zilitoa mvuke, matofali yalikuwa na joto, paka wa jirani alilala chali. Niliketi hapo, mgongo ukutani, nikanusa harufu ya taulo mbichi na sabuni, nikautazama mchicha wa Bibi kule kwenye kivuli. Nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Bertrams.

Mbegu zilichipua. Miche ikatoka mirefu, myembamba, rangi ya mate, ikalala upande mmoja. Bibi akailaumu baridi. Akaongeza majivu, akaongeza majani ya chai. Siku moja upepo ulipeperusha gunia likaanguka karibu na bomba, na Bibi amelala. Nililiokota nikalirudisha juu ya vijiti, na nikaweka mawe pembeni ili lisitoke tena. Hilo sikuwahi kuliungama kwa mtu, na leo ndiyo mara ya kwanza.

Miche ikaoza. Bibi akapanda mara ya pili, nami nikamchotea maji kwa bidii iliyonifanya nisifiwe mbele ya wazazi. "Mke mwenzangu huyu ana moyo," alisema Bibi. Nikameza sifa hizo bila haya.

Mara ya pili nayo ikaoza, na hapo ndipo Bibi alipobadilika. Hakupiga kelele wala hakuilaumu baridi tena. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda akivitazama viganja vyake, akivigeuza. Nikimletea habari za mume wetu kwenye ndoto, alisema, "Mwache mzee wa watu apumzike." Jioni moja nilimsikia akimwambia mama, wakichambua mchele:

"Mkono wangu umekufa, mwanangu. Kwetu watu walikuwa wananiita niwamwagie mbegu, wanasema mkono wa huyu hauangushi. Sasa hata mchicha, mboga inayoota jalalani, umenikataa. Nimezeeka, ndiyo hayo."

"Si mkono, mama, ni nchi hii," mama akamwambia.

"Nchi haijui jina langu," Bibi alijibu. "Mkono ni wangu."

Usiku ule nililala nimemkumbatia mgongoni na sikulala vizuri. Nilikuwa nimepata nilichotaka, Bibi haondoki. Lakini huyu aliyebaki hakuwa anacheka, na mimi ndiye niliyemfanyia hivyo. Nilijiona mwizi. Nililia ndani ya kanga yake mpaka akaamka akaniuliza kama tumbo linauma, nikasema ndiyo.

Jumamosi, Bibi aliswali Adhuhuri akajilaza. Nikamtikisa bega.

"Bibi, amka. Njoo nje."

"Nyumba inaungua?"

"Hapana. Njoo uone jua."

"Jua nimeliona miaka sabini, mtoto wewe."

Lakini alikuja, akiburuza kandambili zake. Nikamsimamisha katikati ya ua, mguu mmoja kwenye jua na mmoja kwenye kivuli. Nikamwonyesha ukuta, nikamwonyesha tuta, kisha nikamwonyesha jua.

"Liko kibla, Bibi. Saa za kuswali linakaa kibla, haliji juu. Ukuta unalizuia. Pale haliendi kabisa."

Bibi alitazama juu amekinga macho kwa kiganja. Akautazama ukuta. Akalitazama gunia lake, lile alilolitandika kukinga jua mahali ambapo jua halikanyagi. Nikamwona mdomo unamtetemeka, nikadhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Alicheka akakaa chini juu ya saruji, soksi zake zikiwa juani.

"Nimemjengea paa mtu aliyemo pangoni!" alisema. "Na kila siku naswali nalo linanipiga usoni, linaniambia, bibi wee, mie niko huku, nami sisikii!" Kisha akakinyoosha kiganja chake mbele yangu. "Basi huu haujafa?"

"Haujafa, Bibi."

Akaubusu mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma.

Ilibaki shida ya Mama Bahati, maana pale penye jua palikuwa pake. Bibi alimngojea jioni, amejipanga kwa maneno mengi ya heshima, na mbegu za mwisho ziko kwenye fundo. Mama Bahati aliziona tu, akazichukua kiganjani akazisogeza kwenye taa, akamwita Bibi kwa neno la kwao.

"Koko, lakini hii ni lengalenga! Kwetu Bukavu tunakulaka hii kila siku! Weka, weka tu pale. Ma-serviette zangu nitaanika ku dirisha."

"Na zisipokauka?"

"Zitakauka, Koko. Mimi niko na njaa ya lengalenga miaka sita sasa, eh!"

Zamu hii hakukuwa na gunia. Bibi alizimwaga mbegu chini ya dirisha, kwa ule mkupuo wake, na usiku tulizifunika kwa karatasi ya nailoni, kwa ushauri wa Mama Bahati. Siku ya tano zilitoka nyekundu kwa chini, zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Mvua za kwanza za radi zikaja alasiri. Bibi alizisikiliza kitandani akisema ee Mola, tonesha, usipige. Nikirudi shule nilimkuta nje, halali tena mchana, ameketi pembeni ya tuta kwenye kiti cha Mama Bahati, anapalilia kwa kijiko. Alimrudisha mume wetu kwenye ndoto. Jumapili Mama Bahati alileta mawese, akasema lengalenga bila mawese ni adhabu. Bibi akasema mchicha bila nazi ni majani ya mbuzi. Wakabishana asubuhi nzima, na mboga yenyewe bado inafika kwenye vifundo vya miguu. Ua ule haukuwahi kuwa na kelele tamu kama zile.

Nami katikati ya furaha yao nilikuwa naupima mchicha kwa macho kila siku, na kila jani jipya lilinichoma.

Siku ya kuchuma ilifika. Bibi alipika mwenyewe, kwa nazi, na kwenye sufuria ndogo akaweka mawese kwa heshima ya Mama Bahati. Tukaketi mkekani wote watano. Bibi akasema bismillahi, akafinyanga tonge la ugali, akachovya, akalipeleka mdomoni.

"Usile!" nilipiga kelele.

Tonge likasimama hewani. Baba akanikemea. Nikaanza kulia, na maneno yakatoka yote pamoja, Kiswahili na Kiingereza: kwamba aliapa, kwamba akila ataondoka, kwamba nilijua habari za jua tangu zamani nikanyamaza. Mama alishika mdomo. Mama Bahati alitoa kicheko chake. Bibi hakucheka. Alilirudisha tonge kwenye sahani polepole.

"Basi leo sili," alisema. "Nyie kuleni."

Na hakula. Siku ile, na siku zilizofuata. Alichuma, akapika, akamgawia Mama Bahati, akawagawia mpaka wapangaji wa mbele waliouita mchicha kwa jina lao la Kizulu wakashangaa unapandwa makusudi. Yeye alikula ugali na dagaa. Baba akimwuliza, alijibu, "Tumbo halijaomba mboga." Akinipita alinikonyeza. Niliamini nimeshinda.

Ni mama aliyenitoa ujinga huo. Alinikalisha kitandani, akaifungua pasipoti ya Bibi, akaniwekea kidole kwenye muhuri. Bibi alipewa siku tisini, akaniambia. Zinakwisha wiki hii, na Jumamosi anapanda basi.

"Ameapa, Mama. Hajala."

"Ataondoka hajala, mwanangu. Serikali haisubiri mchicha. Ataondoka na kiapo chake shingoni, kwa sababu wewe ulilia."

"Atafunga?"

"Unamjua bibi yako."

Nilimjua. Nikamwona njiani, siku tatu nzima basini, mdomo mkavu, amekataa hata maji, kwa ajili yangu. Sikungoja mama amalize. Nikachukua beseni nikatoka nje. Jua lilikuwa limekaa upande wake, majani yana joto ukiyashika. Nikachuma kama nilivyomwona akichuma, ncha za juu tu, ili nyuma yatoke mengine. Nikaosha bombani. Mama aliniwashia jiko akanikunia nazi, lakini mwiko sikumpa.

Bibi alikuwa amemaliza Alasiri, bado yuko kwenye mswala anavuta tasbihi. Nikaweka sahani mbele yake, nikapiga magoti. Baba, aliyerudi mapema siku hiyo, alisimama mlangoni na mama, na nyuma yao Mama Bahati ananyoosha shingo. Nikafinyanga tonge. Liliniunguza vidole, sikuliachia.

"Bibi, fungua mdomo."

Akaweka tasbihi chini. "Una hakika, mke mwenzangu?"

Nikalisogeza tonge mpaka midomoni mwake. Akafungua mdomo, nikamlisha. Akatafuna amefumba macho. Akatafuna tena. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, naye wala hakuyafuta.

"Una mchanga," alisema. "Hukuosha vizuri."

Kisha akafungua mdomo tena.